Kwaya Juu ya Sauti Yako

Mama,

Ulinifundisha kwamba barua huanza na hali ya mwenzako, yako ifuate. Sasa wewe nikuulize nini? Acha nianze na yetu. Huku Gaithersburg tuko salama. Mkweo Gideoni haonekani nyumbani, kazini kwao wanahangaika na kompyuta zinazosemekana zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia. Neema ametimiza miaka mitano, jino la mbele limeng'oka, na Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza, vilevile ulivyomwacha. Mimi nimekaa upande wako wa kochi, pale palipobonyea. Nina jambo ambalo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, na nafasi nilizipata nyingi, mama, nyingi mno.

Zile kaseti zako tatu kwa Bi Mwajuma niliziharibu mimi.

Basi, nimeliandika. Nilikwenda jikoni nikanywa maji, nimerudi.

Unakumbuka ulivyofika. Neema alikuwa na miezi minne, likizo yangu ya uzazi imekwisha, nami nikafanya tunachofanya mabinti wote wa huku Amerika: nikamwita mama yangu. Tunawaambia watu kanisani, "Mama anakuja kutembea." Hakuna mama anayekuja kutembea. Anakuja kulea. Ulitua jioni na sanduku lenye karanga na vitenge, kesho yake alfajiri nikakukabidhi mtoto, nikaenda zamu kwenye makao ya wazee. Fundi cherehani wa Tabora, mwanamke aliyezoea baraza lenye wateja na mabishano tangu asubuhi, nikakuacha ghorofa ya tatu na mtoto mchanga na televisheni. Dirishani palikuwa na maegesho ya magari na theluji iliyochafuka. Hukulalamika hata siku moja, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani hiyo ni raha.

Ulipitia stesheni zote ukakwama kwenye ile ya sinema za zamani, zisizo na rangi. Kiingereza chako kilikuwa cha kusalimia na kuaga, lakini hukukihitaji. "Hizi za rangi wanakimbizana na magari tu," ulisema. "Hawa wa zamani wanaongea kwa macho." Na katika hizo za zamani ukachagua zilizo za zamani zaidi, ambazo sauti inakwaruza na picha inacheza. Humo ndimo walimokuwa wanawake wako. Mwanamke anawasha sigara yake mwenyewe, hangoji kiberiti cha mtu. Mwanamke ni mkubwa wa kiwanda na makarani wanaume wanamwamkia. Mwanamke anagundua mumewe ana mwingine, naye hapigi magoti, anatafuta wa kwake, nawe unapiga makofi. Nilikuwa nikifungua mlango, sijavua hata viatu vya kazi, unanipokea na habari: "Tumaini! Leo mmoja kamtumbukizia bwana pete kwenye supu!"

Na magauni. Ulikuwa unasimama karibu na kioo cha televisheni unafuata mshono kwa kidole. "Hili limekatwa mshazari, ndiyo maana linamwagika vile. Ukilikata wima litasimama kama gunia. Na mgongo mzima uko wazi, Mungu anisamehe, lakini fundi huyu ana mkono." Gideoni alikufundisha kutumia deki, ukawa unarekodi. Mikanda yako bado iko kabatini na majina uliyoyaandika kwa kalamu ya wino: PETE. SIGARA. KIWANDA. KOFIA. Neema, aliyekuwa anajifunza kutembea akishika meza, aliwajua wale wanawake kuliko alivyowajua shangazi zake.

Ulikuwa umegundua kitu ambacho mimi sikukijua wakati ule. Ulisema kwamba sinema za miaka iliyofuata hazikuwa na wanawake hawa. Sura zilikuwa zilezile, waigizaji walewale, lakini sasa walikuwa wanalia mwishoni na kuomba radhi. "Wamefanywa nini hawa?" uliniuliza. "Kuna mtu kawatisha." Mimi nilikuwa nakagua soksi za Neema zilizokauka. Nikasema, "Sijui mama, ni sinema tu."

Jambo tamu haliliki peke yake, na wewe mlaji mwenzako alikuwa Tabora. Miaka thelathini wewe na Bi Mwajuma mmeshona kwenye baraza moja, cherehani mbili zikitazamana, yeye Mwislamu na wewe wa kwaya, Idi unakula kwake na Krismasi anakula kwako. Barua hamkupenda kuandika. Mlikuwa na mtindo wenu wa kaseti: wewe unasema upande wa kwanza, unampa mtu anayesafiri, yeye anajibu upande wa pili, inarudi na mtu mwingine. Ukaanza kumsimulia sinema. Ulikuwa unaketi hapa hapa na ile redio yangu, Neema mapajani, unasimulia kwa sauti zote, ya bwana na ya bibi na ya mlango unaofungwa. Kisha unanipa mimi kaseti, kwa sababu mimi ndiye ninayekutana na wasafiri kwenye ibada ya Kiswahili kule Laurel.

Uliiamini mikono yangu, mama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Ya kwanza niliisikiliza ndani ya gari, kwenye maegesho ya kanisa. Nilijiambia nahakikisha imerekodi. Ulikuwa unamweleza Bi Mwajuma jinsi yule wa PETE alivyovua soksi moja moja huku bwana wa watu akiangalia, ukaeleza na bwana alivyomeza mate, ukacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwako. Nikaona aibu. Najua kaseti inavyosikilizwa Tabora: haisikilizwi na mtu mmoja. Bi Mwajuma hana redio, angeipeleka dukani kwa jirani, na baraza zima lingesikia kwamba Mama Tumaini kaenda Amerika anaangalia wanawake wanaovua nguo. Habari ingezunguka ikarudi mpaka Laurel. Mimi ni katibu wa akina mama. Tayari dada mmoja Mkenya wa kwaya alishakuja kwangu akakukuta na SIGARA kwenye deki, akacheka akaniambia, "Haiya, Tumaini, kumbe mamako anapenda mambo!" Alikuwa anatania tu. Mimi nilikosa usingizi.

Basi nikafanya hivi. Redio yangu ina sehemu mbili za kaseti. Upande mmoja nikaweka yako, upande wa pili kaseti ya kwaya yetu. Nikangoja ufike kwenye soksi, nikabonyeza kurekodi. Wimbo ukaingia juu ya sauti yako. Ulipoanza kuaga nikaacha. Nilijiona mwerevu. Nilidhani Bi Mwajuma ataona ni zawadi, kidogo hadithi, kidogo kwaya.

Ya pili nikafanya vilevile.

Ya tatu ilikuwa ya KOFIA. Mwanamke ana duka la kofia. Mumewe alimkimbia miaka miwili akaishi na mwingine, sasa amerudi, amesimama mlangoni na sanduku. Nayajua maneno yako kwa moyo, nimeyasikiliza mara nyingi mno: "Akamwambia ingia, keti. Akammiminia kahawa. Bwana akadhani mambo yamekwisha. Mwajuma, shoga yangu, hapo nikakukumbuka wewe, na mwaka ule Baba Tumaini aliporudi kutoka Kigoma. Kwa sababu mimi pia..."

Hapo nikabonyeza.

Safari hii haikuwa aibu ya kanisa. Nilikuwa naogopa. Baba alikaa Kigoma miaka miwili, kazi ya reli, ndivyo nilivyokua nikiambiwa. Mimi nilizaliwa baada ya kurudi kwake. Muda gani baada, hiyo ni hesabu ambayo sijawahi kuipiga, na siku ile sikutaka mtu anipigie. Sikusikiliza hata neno moja zaidi. Mkono ulikwenda wenyewe. Sasa wewe hupo na Baba hayupo, na chochote ulichokuwa unataka kusema baada ya "mimi pia" kimekaliwa na sauti nne za kwaya ya Laurel na kinanda cha Gideoni.

Halafu jibu likaja, si kwenye upande wa pili bali kwenye kaseti yake mwenyewe; zile tatu alizizuia kwake. Ilikuwa Jumapili mchana, mimi napiga pasi, wewe umemaliza kumwogesha Neema. Ukaiweka kaseti kwa furaha, ukaketi, ukapandisha miguu. Na Bi Mwajuma akaanza bila salamu. "Salome, siku hata moja sikukuambia silimu, na wewe hukuniambia okoka. Leo umekwenda Amerika unanivizia? Unanisimulia, nikisogeza kiti nisikie vizuri, unaniwekea kwaya! Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara tatu? Ukitaka kunibatiza njoo unibatize uso kwa uso, usinitegee mtego kwenye hadithi."

Ulinigeukia. "Kwaya gani? Tumaini, kwaya gani anayosema?"

Ningeweza kusema pale pale. Pasi ilikuwa mkononi, shati lilikuwa mezani, Gideoni hayupo, hakuna wa kunisikia ila wewe na mtoto. Ungenigombeza, ungenuna siku mbili, ungerekodi nyingine. Badala yake sikuinua macho. Nikasema, "Labda ni uzee, mama. Si unajua sukari yake? Ikipanda, watu huchanganya mambo."

Na uliniamini kwa sababu mimi ndiye ninayefanya kazi na wazee.

Kisha ukaitoa kaseti, ukairudisha kwenye kasha lake, ukasema, "Masikini Mwajuma." Hukurekodi tena. Nilitegemea utaendelea kuzitazama sinema zako, na uliendelea, lakini bila makofi na bila habari za mlangoni. Nikirudi kazini unaniambia mtoto kala nini. Ulikuwa umekuwa mama mwema mtulivu wa kumwonyesha mtu yeyote wa kanisa, kama nilivyotaka. Miezi mitatu baadaye ukasema umechoka baridi, unataka kwenda kwako. Ukaenda, ukakuta cherehani ya Bi Mwajuma imehamia baraza la pili. Kaka Yohana ndiye aliyenisimulia. Anasema mlikuwa mnaamkiana tu, kila mtu anamwonea mwenzake huruma au hasira, na wateja wakawa hawajui nguo wampe nani. Mwaka haukuisha presha ikakuangusha.

Nilifika wameshakuzika. Nilikuta wanawake mkekani, na Bi Mwajuma ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa mtu wa kupita. Yeye aliyestahili kukaa mbele kabisa, pamoja na wafiwa. Siku ya tatu alinisogelea na mfuko wa plastiki. Ndani zilikuwa kaseti tatu. Akauliza kwa upole kuliko nilivyostahili: "Mwanangu, mama yako alikuwa na kinyongo gani na mimi?"

Na mimi, mama, nikadanganya tena. Juu ya msiba wako. Nikamwambia ni mashine za uwanja wa ndege, zile za kukagulia mizigo, zinachanganya kaseti.

Alinitazama. "Mashine zinazojua kuimba," alisema. Akaniwekea mfuko mapajani. "Haya. Mimi nilitaka tu kujua, yule bwana, kahawa aliimaliza?"

Nilirudi na kaseti hizo kwenye mkoba wa mkononi. Zilipita kwenye mashine mara tatu na hazikuchanganyika hata kidogo.

Kazini kwetu yuko Miss Edith, bibi mweusi wa hapa Washington, ambaye usichanani aliuza tiketi kwenye jumba la sinema la mtaa unaoitwa U. Mwezi uliopita nikimvisha sweta nilimtajia sinema zako. Macho yakamwaka. Akasema wale wanawake waliachiwa miaka michache tu. Kisha wakatungiwa masharti: mwanamke mkosefu sharti alipie kabla taa hazijawashwa, alie, atubu au afe. Hata zile za nyuma ziliporudishwa kuonyeshwa zilikatwa, na vipande vingine vilivyokatwa havijaonekana mpaka leo. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, mama, kuna mtu aliwatisha. Nikamuuliza Miss Edith kama waliofanya hivyo walikuwa watu wabaya. Akanipigapiga mkono kama mtoto. "Hapana, mpenzi. Wengi walikuwa watu wa kanisa. Walikuwa na nia njema."

Nilimaliza vifungo vyake, nikaenda chooni, nikalia mpaka mwenzangu wa zamu akagonga.

Jumamosi iliyopita asubuhi Neema aliniuliza, kama anavyouliza mara kwa mara, "Where are Bibi's ladies?" Siku zote humwambia wanawake wa Bibi wamelala. Safari hii nikafungua kabati. Nikaitoa KOFIA, tukaketi, yeye kwenye paja langu. Sikuwa nimewahi kuitazama. Fikiria hilo: niliikata bila kuijua.

Bwana anaketi. Kahawa inamiminwa. Anaanza hotuba yake, ameshika kikombe, anaeleza alivyoteseka. Mwanamke anasikiliza huku anajiangalia kwenye kioo. Anachukua kofia, ile ndogo ya upande mmoja uliyomwambia Bi Mwajuma kwamba inakaa kichwani kama jogoo. Anaivaa. Anachukua ufunguo wa duka. Anamwambia bwana, na Kiingereza hiki hata wewe ungekielewa, asisahau kuosha kikombe. Anatoka. Barabarani anatembea, gauni linamwagika, anafungua duka lake, mteja wa kwanza anaingia, mwisho. Halii. Hakuna kinachompata. Nilikaa nangoja kinachompata.

Neema akapiga makofi. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa. Akasema, "Bibi always claps here." Nikamuuliza Bibi alikuwa anasema nini akipiga makofi hapo, kumbuka, mwanangu, jaribu ukumbuke. Akafikiri kwa bidii, ulimi ukitoka kwenye pengo la jino. Akasema hajui. Alikuwa mdogo. Anakumbuka makofi tu.

Mchana ule ule nilitoa kaseti mpya. Nilimwambia Gideoni achukue mtoto, nikafunga mlango, nikaketi upande wako. Nikaanza, "Shikamoo mama Mwajuma, ni mimi Tumaini." Nikamwambia bwana kahawa hakuimaliza, ilipoa mkononi. Nikamsimulia kofia na ufunguo na kikombe. Sina sauti zako, mlango wangu ulifungika vibaya, lakini nilisimulia. Soksi nazo nimemsimulia, moja moja, nimeona haya mpaka masikio yakaungua. Kisha nikamwambia kwaya ilitoka wapi. Nimemwambia ni mkono wangu, mara tatu, na hukujua, na ulikwenda kaburini unadhani mwenzako amezeeka akili kwa sababu mimi nilikuambia hivyo. Sikumwambia samahani haraka haraka kama tunavyofanya ili mtu anyamaze. Nilimwambia ana haki ya kunisema mkekani, barazani, na kwa kaka Yohana.

Halafu nikarudia maneno yako. "Mwaka ule Baba Tumaini aliporudi kutoka Kigoma. Kwa sababu mimi pia..." Nikaiacha kaseti izunguke tupu mpaka ikakatika yenyewe.

Upande wa pili sijaugusa. Bi Mwajuma ndiye aliyekuwa barazani mwaka ule. Kama kuna mtu anayejua sentensi yako ilikuwa inakwenda wapi, ni yeye. Nimemwomba anijibu upande wa pili kama mlivyokuwa mnafanya, na asinifiche kitu kwa kunihurumia. Aliyeibeba ameondoka jana. Kasha sikulibandika gundi. Akitaka kuisikiliza njiani, na asikilize.

Pumzika, mama. Ukikutana na Baba msalimie, vyovyote nitakavyokuja kumwita. Sikuombi unisamehe kabla Bi Mwajuma hajaamua, zamu ni yake. Ninachokuahidi ni kimoja. Kaseti ikirudi nitaketi hapa kwenye kochi lako, Neema akinibonyezea kitufe cha kuanza. Nitaisikiliza yote mpaka mwisho, na mikono yangu yote miwili nitakuwa nimeikalia.

Mwanao,
Tumaini